Kihesabio Kisichorudi Nyuma

Saa inayoonekana pembeni mwa skrini ya kompyuta hujibu swali jepesi. Swali gumu ni la programu inayotaka kujua umepita muda gani kati ya tukio moja na jingine, na jibu lake hutolewa na vitendaji, yaani sehemu fupi za mfumo endeshi ambazo programu huziita zifanye kazi moja mahususi. Katika Windows, QueryPerformanceCounter hutaja midundo iliyokwisha kuhesabiwa, na mwenzake, QueryPerformanceFrequency, hueleza sekunde moja ina midundo mingapi.

Thamani ya ufundi huu huonekana vyema ukitazamwa ulikotoka. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitegemea fuwele ya megahezi 14.318, masafa yaliyo mara nne ya yale ya rangi katika televisheni za Marekani; yalipogawanywa kwa 12, kisha kwa 65,536, ulipatikana mdundo wa mara 18.2 hivi kwa sekunde, kipimo ambacho hakuna fundi saa angekichagua kwa hiari yake. Mwaka 1993 kichakataji cha Pentium kilileta kihesabio kinachoongezeka kwa kila mzunguko wa kichakataji chenyewe, ikaonekana kana kwamba tatizo limekwisha. Halikwisha: vichakataji vilipoanza kupunguza kasi ili kuokoa umeme, na mashine moja ilipobeba viini viwili au zaidi, kila kiini kiliweza kushika hesabu yake, hata programu iliyohamishwa kutoka kiini kimoja hadi kingine ikaweza kuona muda ukirudi nyuma.

Hapo ndipo waandishi wa mfumo endeshi wanapostahili sifa, pengine kuliko watengenezaji wa fuwele. Mfumo wao huchunguza kama kihesabio cha kichakataji kinakwenda kwa kasi isiyobadilika, na kisipoaminika hutumia saa nyingine ya mashine, ambayo huchelewa kusomeka lakini haiyumbi, wala programu haisumbuliwi na uamuzi huo. Katika Windows 10 midundo inayotangazwa kwa kawaida ni milioni 10 kwa sekunde, ingawa kichakataji huhesabu upesi zaidi. Mwenye uchu wa tarakimu ataona amepunjwa. Mchezo wa video unaochora picha 60 kwa sekunde, ukiwa na milisekunde 16.7 tu kwa kila picha, hauhitaji tarakimu zaidi ya hizo, bali unahitaji tofauti ya vipimo viwili isiwe hasi kamwe, hata mtumiaji anaporudisha nyuma saa ya pembeni mwa skrini.