Kofia ya Idi Huanza Rajabu

Jioni hizi za Rajabu, ukikata vichochoro vya Kibokoni, Mombasa, baada ya alasiri, utamkuta mama mmoja ameketi barazani, miguu ameikunja, ameinamia kipande cha bafta nyeupe. Ni ubavu wa kofia. Anamshonea mkwewe aliyeko Muscat, na Idi bado iko mbali: Shaabani haijaandama, Ramadhani nzima iko mbele. Wapitao humpa shikamoo, naye huitikia marahaba bila kuinua uso. Nimewahi kusimama kumtazama kupita adabu inavyoruhusu.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kofia ya mkono ni nini. Lakini tumeizoea vichwani hata tumesahau kuitazama. Ishike juani. Vile vitobo vinavyopitisha mwanga, kila kimoja kimetobolewa peke yake, kisha mdomo wake ukazungushiwa uzi hadi kitambaa kisionekane. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli, na kazi ikiisha kofia hufuliwa, alama zikatoka, ikatiwa wanga na kuvikwa kwenye faruma ikauka na umbo lake. Hula mwezi, na nakshi ikiwa ya kubanana, hula miezi. Wala haishonwi kwa mfululizo. Hushonwa baina ya kazi na kazi, wali ukiwa umepaliwa makaa, mtoto akiwa amelala, mgeni akiwa bado hajabisha hodi.

Na kabla ya sindano kuna kichwa. Kofia ya dukani ina namba, lakini hii ina mwenyewe. Hupimwa kwa uzi, uzi ukapigwa fundo, fundo likatunzwa ndani ya kopo la biskuti pamoja na vifungo na sindano. Katika mtaa wetu kulikuwa na hadithi ya bibi aliyempima mumewe usingizini ili asijue analoandaliwa. Mzee akaamka akijipiga kipaji cha uso, akidhani ni mende. Sijui kama ni kweli, ila kila mwaka ilisimuliwa na kila mwaka tulicheka. Bibi yule, kweli au wa hadithi, alikuwa akimfikiria mtu mmoja kwa miezi, tena kila siku. Zawadi ilikuwa imeshatolewa kabla mzee hajaivaa.

Sisi watoto tulipata vya kwetu. Mama alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na kitambaa alinunua jora moja kwa wote. Asubuhi ya Idi tulitoka mlangoni ndugu na binamu tumevaa maua yale yale, wavulana mashati, wasichana magauni, na mwaka mmoja mapazia ya ukumbini nayo yalikuwa ya jora hilo hilo. Mabaki yakawa nguo za mwana sesere. Tulizunguka nyumba hadi nyumba kupokea mkono wa Idi, na jioni tukaishia viwanja vya Makadara kwenye pembea. Hakuna aliyepotea: tulijulikana kwa mapazia.

Lakini kilichonishika zaidi ni vikuba, vile vishada vya maua yanukiayo. Asumini hukatwa alasiri, yangali matumba yaliyofumba, yakafungwa kwenye kitambaa kilichoroweshwa maji. Wanawake hukaa ukumbini, sinia katikati, mmoja akitunga, mwingine akichambua mrehani, mwingine akipasua waridi, na vipande vya mkadi vikiongezwa kwa aliyebahatika kuupata. Vidole hufanya kazi na midomo hufanya yake. Habari zote za mji zilipita juu ya sinia lile. Usiku maua hufumbuka yenyewe, na chumba hujaa. Sasa fikiria tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani. Asumini yakatwe au yasikatwe? Mwezi haujaonekana, na ua halingojei tangazo la Kadhi Mkuu. Wakiyakata na mwezi usiandame, yamekufa bure. Wakiyaacha na mwezi ukaandama, Idi itaingia bila kikuba. Sikumbuki hata mwaka mmoja yalipoachwa. Mwezi usipoandama, vikuba viligawiwa vivyo hivyo, watu wakaenda tarawehe wakinukia Idi isiyofika, na kesho yake kazi ikaanza upya.

Kofia hudumu hata ikarithiwa; kikuba hakifiki adhuhuri. Wanawake wale walitengeneza vyote viwili kwa uangalifu ule ule, na hilo ndilo ninaloshindwa kuliona leo.

Leso imejitahidi kubaki. Katika Mtaa wa Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, bado linauza leso zake za «Mali ya Abdulla», na mnunuzi bado husimama muda mrefu akisoma majina, maana jina likikosewa zawadi huwa ugomvi. Baadaye leso hukatwa, hupindwa, hukunjwa, ikapitishwa juu ya chetezo ikashika udi. Hata kilichotoka kiwandani kilipita mikononi kabla hakijamfikia mtu.

Kofia haikupata bahati hiyo. Imesafiri kuliko sisi: baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, familia nyingi zilizozaliwa Afrika Mashariki zilihamia Oman na kofia zao, na leo huko huitwa kumma, vazi la kila siku la wanaume wa taifa zima. Nakshi ilipopata soko kubwa, ikapata mashine. Sasa inaturudia ndani ya mifuko ya nailoni, imetobolewa upesi upesi, inauzwa kwa rundo wiki ya mwisho ya Ramadhani. Siichukii kofia hiyo. Mtu mwenye watoto wa kiume watano na mshahara mmoja hana budi kuinunua, na mtu asimcheke.

Ninayemlaumu ni mwenye uwezo. Ni yule anayetuma mkono wa Idi kwa M-Pesa saa mbili za usiku wa kuamkia Idi, bila hata salamu, kisha akalalamika kwamba Idi za siku hizi hazina ladha. Ni yule anayekuja barazani akaishika kofia ya miezi miwili, akaigeuza, akauliza, «Mwisho wako ngapi?» kwa sauti anayonunulia nyanya Marikiti. Nimemsikia mmoja akimwambia mama yule wa Kibokoni kwamba za dukani ni sawa tu na hizi. Mama hakujibu. Aliichukua kofia yake akaendelea kushona.

Fort Jesus imo katika orodha ya UNESCO tangu 2011, na milango ya nakshi ya Mji wa Kale hupigwa picha kila siku na wageni. Tunajua kulinda mawe na mbao. Mshonaji hatumwekei bango, wala hatuna haja. Anachohitaji ni mtu wa kuagiza na binti wa kukaa ubavuni mwake. Mabinti wako shule, na ni vyema wawe shule, lakini likizo za Aprili, Agosti na Desemba zipo, na simu huweza kuwekwa chini kwa saa moja.

Basi ndugu msomaji, kama una baba, mume au mwana unayetaka kumvika kofia Idi ijayo, chukua uzi umpime kichwa leo. Mpelekee mshonaji kabla ya Shaabani kuandama, mpe nusu ya fedha mkononi anunue bafta na nyuzi, na akikutajia bei, lipa.