Kikuba cha Mwanasesere

Binti wa dada yangu hapa Jadida alitaka mwanasesere wake aende harusini. Gauni lilikwisha shonwa; zilibaki bangili mbili na kikuba cha asumini cha kifuani. Vyote nilivifinyanga kwa udongo wa polima, pakiti za FIMO zilizokuja na mzigo wa jamaa kutoka Maskati. Kufinyanga kulichukua jioni moja. Kuoka kulinisumbua siku tatu.

Udongo huu ni udongo kwa jina tu. Ni unga wa PVC uliokandwa na rangi na mafuta ya kulainishia plastiki. Ukipata joto, chembe za unga hunywa yale mafuta, huvimba na kushikana. Ukipoa, umekuwa kitu kimoja kigumu. FIMO hutaka nyuzi 110 za sentigredi kwa dakika 30. Sculpey, chapa nyingine ya udongo huu, hutaka 130, dakika 15 kwa kila milimita 6 za unene.

Sasa mtazame mwanasesere. PVC ngumu huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na ile laini ya usoni hulegea mapema zaidi. Polistireni hulegea karibu na 100, ABS karibu na 105. Joto linaloivisha udongo limekwisha kumpita aliyeuvaa.

Wengi hukimbilia maji ya moto, kwa hoja kwamba hayawezi kuunguza. Kweli, huku pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, huchemka kwenye 95 hivi. Lakini piga hesabu: 100 ni pungufu kwa udongo na ni nyingi mno kwa PVC. Nilijaribu kwa mkono wa mwanasesere mkongwe. Bangili ilitoka ngumu kwa nje, nikaipinda kidogo ikakatika. Mkono nao ulitoka vidole vimejikunja. Maji hayo yalikosea pande zote mbili kwa mpigo mmoja.

Basi nikageuza swali. Badala ya kutafuta moto mpole kiasi cha kumvumilia mwanasesere, nilitafuta njia ya udongo kwenda motoni peke yake na kurudi ukiwa na umbo la mwili wake.

Kwa kikuba, nilikandamiza foili ya jikoni, tabaka mbili, juu ya kifua mpaka ikashika kila mbinuko. Nikaibandua taratibu, nikajaza foili iliyofinyangwa kwa nyuma isibonyee, kisha nikapanga maua juu yake. Bangili nilizizungusha kwenye penseli iliyoviringishwa foili hadi ikawa nene kama kifundo cha mkono wake, nikaziachia mwanya. Udongo ulioiva vizuri ukiwa mwembamba hupindika kidogo, kwa hiyo bangili hupanuka na kuingia.

Foili ina kazi ya pili ambayo wengi huisahau. Mafuta ya udongo mbichi hupenya plastiki ngumu, hasa polistireni, na kuiacha inanata. Ukiuacha udongo mbichi juu ya mwanasesere usiku kucha, unaweza kumharibu bila hata kuwasha kiberiti.

Oveni sina. Nilitumia sufuria zito, mchanga mkavu vidole viwili, na moto wa kupalia, makaa chini na juu ya kifuniko, kama wa mkate wa kumimina. Tofauti ni kwamba mkate husamehe, udongo huu hausamehe. Kwanza nilioka sufuria tupu, kipimajoto kikiwa usawa wa kazi, nikipunguza makaa hadi joto likatulia kati ya 110 na 115. Ndipo nikaingiza udongo, nimeufunika foili ili joto la kifuniko lisiubabue. PVC ikipita 175 huanza kuvunjika na kutoa hewa ya asidi inayochoma pua. Kwa hiyo jiko lilikaa uani, na sufuria lile halirudi tena kwenye chakula.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye kiungo. Kifua kilikuwa cha ABS: nikakipiga msasa, nikapangusa kwa spiriti, nikabandika kwa gundi ya mirija miwili na kuiacha saa 24. Kingekuwa cha polithini, gundi isingeshika. Hapo hutobolewa tundu na kutiwa pini ya waya. Kujua aina ya plastiki ni rahisi: kwangua chembe uitie majini. Polithini na polipropilini huelea. PVC na ABS huzama.

Kikuba kimeshika, bangili zinavalika na kuvuliwa. Lakini njia hii inafaa tu kwa kitu kinachoweza kubanduka kabla hakijaiva. Mwenye mwanasesere sasa ameagiza ushungi, na ushungi hukumbatia kichwa kizima; ukiuvua mbichi umeuvuruga. Huo utafinyangwa kwa putti ya epoksi ya sehemu mbili, mfano wa Milliput, ambayo hugandishwa na kuchanganywa kwake na hukauka kwa saa chache bila moto. Ni ngumu kufinyanga, na saa zikianza kuhesabika hazikungoji. Huko ndiko wahenga wanapokuwa sahihi kwa kila neno: udongo uwahi ungali maji.