Kosa Lililotendwa Mbele ya Mfalme

Kusadikika ni nchi isiyo na udongo. Shaaban Robert aliitundika angani na kuiwekea mipaka ya pepo: upande mmoja Kaskazi, upande wa pili Kusi, huku Matlai, kule Umande, juu nyota, chini dunia hii tunayoikanyaga sisi. Kitabu chake cha jina hilo kilipotoka mwaka 1951 kwa wachapishaji Thomas Nelson, msomaji wa Tanga au Lamu hakuhitaji ramani. Pepo hizo alizijua tangu utotoni. Ndizo zilizoleta majahazi na ndizo zilizoyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo nchi ambayo haipo ikapata mipaka ambayo nahodha yeyote angeweza kuionyesha kwa kidole. Wengi huupita ufundi huu haraka, wakiikimbilia kesi iliyomo kitabuni. Mimi hukawia hapo. Aliyeichora mipaka hiyo alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, miaka kumi na minane ya kukaa penye mlango wa nchi na kuona jinsi mtu mwenye mhuri anavyoamua kipi kiingie na kipi kirudi.

Ndani ya mipaka hiyo mna utawala wa wachache wanaoogopa kuulizwa. Tanganyika ya wakati ule ilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa jina la udhamini wa Umoja wa Mataifa tangu 1946. Mswada wa Kiswahili haukutoka mezani kwa mwandishi ukaingia mtamboni. Ulipitia kwa wasahihishaji, kwa wakubwa wa elimu, na kwa mchapishaji Mwingereza. Mwandishi naye alikula mshahara wa serikali hiyo hiyo. Hapo ndipo watu husema, basi akajificha nyuma ya fumbo. Ni kweli, ila haitoshi. Kila anayeandika chini ya mkono wa mtawala hujificha. La kustaajabisha kwa Shaaban ni uchache wa maficho yake. Mshtaki mkuu katika kitabu ni waziri aitwaye Majivuno, jina ambalo hata mtoto hahitaji kufasiriwa. Afisa ambaye angetaka kukizuia kitabu ingemlazimu kwanza aseme: huyu Majivuno ni mimi. Nani angeanza? Mwandishi alilindwa na aibu ya yule ambaye angelifumbua fumbo lake.

Sasa kesi. Mshtakiwa ni Karama, na kosa lake si wizi, si kuua, si kukusanya silaha. Ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Mwandishi mwenye papara angempa shujaa wake mkuki, au angalau hotuba ya uwanjani na umati wa kumshangilia. Shaaban alimpa somo. Na somo lenyewe halikuokotwa njiani. Katika Tanganyika halisi, sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 haikuruhusu mawakili kusimama humo. Mkulima aliyepelekwa mbele ya liwali au mtemi alisimama peke yake na ulimi wake. Msomaji wa 1951 alipomwona Karama kizimbani bila wa kumsemea, hakuona jambo la angani hata kidogo.

Majivuno husema kama watu wenye vyeo wanavyosema: kwa sauti ya nchi nzima. Hatari iliyo mbele yake yeye anaiita hatari ya wote. Shaaban hamkatizi. Anamwachia nafasi ya kutosha, na nafasi hiyo ndiyo inayommaliza, kwani kadiri waziri anavyoipamba hatari ya elimu ndivyo msomaji anavyozidi kujiuliza elimu hiyo ina nini hata itetemeshe kiti cha mfalme. Kuna waandishi wasiovumilia kumpa adui maneno mazuri. Wakimfikia dhalimu humfanya mjinga, kisha wanashangaa kwa nini msomaji haogopi. Majivuno si mjinga. Anajua kabisa anachokilinda.

Kisha Karama anaanza kujitetea, na hapa ndipo ufundi wa kitabu ulipo. Hajibu mashtaka kwa hoja zilizopangwa. Anasimulia. Anawasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwa faida ya nchi, kila mmoja upande wake: Buruhani mashariki, Fadhili kaskazini, Kabuli magharibi, Auni kusini, Ridhaa mbinguni, Amini ardhini. Kila mjumbe anakwenda, anapata taabu za safari, anajifunza jambo ambalo lingeifaa Kusadikika, anarudi. Na kila anayerudi hupokewa kwa adhabu na mateso badala ya shukrani.

Vitabu vya mwongozo vya shuleni vimetuzoesha kuorodhesha dhamira, wahusika na mandhari, kisha tukalalamika kwamba safari hizi zinafanana. Zinafanana, na zimekusudiwa kufanana. Msomaji akifika kwa mjumbe wa tatu ameshajua mwisho utakuwaje, na tangu hapo sikio lake linahama. Haulizi tena safari hii itakuwaje. Anaanza kuwatazama waliokaa barazani. Mjumbe wa kwanza tunamhurumia. Wa nne akipanda mlima au kuvuka bahari, sisi tunaiwazia ile siku ya kurudi, na kila faida anayoiokota njiani inatuuma, maana tunajua itamgharimu. Furaha ya hadithi ya safari, ambayo ni kufika salama nyumbani, imegeuzwa ikawa jambo la kuogopa. Sijui mwandishi mwingine wa Kiswahili wa miaka ile aliyepata kukitia hofu kitu kikongwe namna hiyo bila kutaja damu.

Umbo la hadithi ndani ya hadithi hakulibuni yeye. Alfu Lela U Lela ilikuwa imekaa masikioni mwa watu wa pwani muda mrefu, na Safari za Gulliver zilikuwapo kwa Kiswahili. Lakini katika Alfu Lela msimulizi anasimulia ili asubuhi isimkute na upanga, anaahirisha kifo. Karama haahirishi chochote. Tazama anachokifanya hasa: analeta tukio, linafuata la pili lenye sura ile ile, halafu la tatu, mpaka baraza lenyewe lione kwamba lina desturi ya kuadhibu wanaolitumikia. Hiyo ndiyo kazi ya wakili. Anapanga kesi zilizotangulia, anazilinganisha, anaiomba mahakama iamue kwa haki ile ambayo siku zote imedai inaifuata. Ameshtakiwa kwa kufundisha sheria, na utetezi wake, tangu mwanzo hadi mwisho, ni darasa la sheria. Anatenda kosa lile lile mchana kweupe, mbele ya mfalme, na mfalme ametulia anasikiliza.

Kazi hiyo haiwezekani bila adabu. Karama hamtukani mtu, wala hamwiti mfalme dhalimu. Lugha yake ni ya mtu aliyelelewa kwenye mabaraza, anayejua kwamba aliyepandisha sauti ameshashindwa. Ile sentensi ndefu ya Shaaban, yenye pande mbili zinazopimana kama mizani, ambayo wasomaji wa leo huiona nzito, imepata hapa kazi inayoifaa. Heshima inatangulia, shutuma inafuata ikiwa imevikwa heshima ile ile, na msikilizaji hana pa kuikamata. Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, kisome kitabu kwa sauti. Kwa macho kinachosha. Kwa sikio kinabana.

Miaka miwili kabla ya Kusadikika, tarehe 8 Juni 1949, huko London kilitoka kitabu cha George Orwell kiitwacho Nineteen Eighty-Four, alichokimalizia kisiwani Jura huku kifua kikuu kikimla. Alikufa Januari 1950. Wasomaji wetu wengi walimjua Orwell kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, na bahati mbaya wakaishia hapo. Ukikiweka Kusadikika kando ya Nineteen Eighty-Four utaona mafundi wawili wanaochonga mti mmoja kwa vyombo tofauti. Orwell anaanzia mwilini. Mhusika wake mkuu, Winston Smith, ana kidonda mguuni juu ya kifundo, nyembe za kunyolea hazipatikani, pombe inaunguza koo. Mgawo wa chokoleti unapunguzwa kutoka gramu 30 hadi 20, na kesho yake watu wanaishukuru serikali kwa kuupandisha hadi 20. Udhalimu unaingia kwa tumbo na ngozi. Karama, kwa upande wake, hana tumbo. Hatujui alikula nini gerezani wala kama viatu vilimbana. Huo ni upungufu, na sitautetea wote. Zipo kurasa za Kusadikika ambazo ningetoa kitu ili nimsikie mtu mmoja akikohoa.

Ila kila fundi alijua anachokitafuta. Katika Oseania, nchi ya kubuni ya Orwell, hakuna sheria kabisa. Winston anapofungua daftari na kuanza kuandika hatendi kosa lililoandikwa popote, na bado anajua linaweza kumpeleka kwenye kifo. Kazi yake wizarani ni kusahihisha magazeti ya zamani ili yakubaliane na uongo wa leo, na karatasi za kweli zinatupwa kwenye tundu liendalo motoni. Ndiyo maana upinzani wake unabaki wa mtu mmoja aliyejibanza kwenye pembe ambayo jicho la runinga haliifikii. Kusadikika sheria ipo, isipokuwa imefungiwa na wachache, na anayewaonyesha wengine ufunguo ndiye mhalifu. Huko kumbukumbu huchomwa. Huku zimenyamaziwa tu, na kilichonyamaziwa kinaweza kusemwa tena akipatikana mwenye ulimi na ruhusa ya kusema. Shaaban alimpa mtu wake vyote viwili, kisha akamsimamisha mahali pa wazi kuliko pote katika nchi.

Mwisho wa kitabu huwaudhi wengi. Karama anashinda, mfalme anamwachilia. Wasomaji wa miaka ya baadaye, waliokwisha kuona wafalme wasioachilia, huuliza upinzani gani huu unaomalizikia kwenye huruma ya yule yule aliyekaa juu. Swali ni la haki. Katama Mkangi alilijibu kwa njia yake katika Walenisi, mwaka 1995, baada ya yeye mwenyewe kuwekwa kizuizini Kenya tangu 1986 hadi 1988: Dzombo wake, aliyehukumiwa na kutiwa katika chombo cha kumpeleka kwenye kifo, hangoji kusamehewa na mtu. Anajifunza kukiendesha chombo hicho, anakwenda kutua kwenye nchi nyingine. Ni jibu la mtu aliyelala kizuizini, na nalipenda. Lakini sioni kwamba linaufuta mwisho wa Shaaban. Mfalme wa Kusadikika hakupewa nafasi ya kuwa mwema bure. Kufikia siku ya hukumu ameshasikia habari za wajumbe sita; akimfunga Karama atakuwa amemwongeza wa saba, na safari hii baraza zima litakuwa linahesabu. Udhaifu ninaouona mimi ni mwingine: baada ya hukumu mambo yanakwenda mbio. Kitabu kilichokuwa na subira kubwa kwa taabu za wajumbe hakina subira na raia wa kawaida wa nchi hiyo. Tungependa kuwasikia walivyoipokea habari, hasa wanawake, ambao sauti zao ni adimu tangu ukurasa wa kwanza.

Mwaka ule ule Kusadikika kilipotoka, mwezi Novemba, serikali iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa nafasi wafugaji Wazungu. Wameru wakatuma mjumbe. Kirilo Japhet alivuka bahari hadi New York na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza yaliyowapata watu wake, Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo. Shaaban hangeweza kuyajua hayo alipokuwa akiandika, na Kirilo hakuhitaji riwaya ya kumfundisha safari. Hata hivyo ni vigumu kuisoma kesi ya Wameru bila kumkumbuka Buruhani na wenzake, maana pale Baraza Kuu kura hazikufikia theluthi mbili na ardhi haikurudi. Aliyesimama upande wa Wameru kwa mambo ya sheria alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa wakili Moshi.

Elimu ambayo Karama alishtakiwa kwayo ilipata mlango wake Oktoba 1961, chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kwa kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la chama cha TANU. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Mwaka 1967 Kufikirika, mswada wake mwingine wa nchi ya kubuni, ulichapishwa na Oxford; na mwaka huo huo Kirilo na Seaton, mjumbe na mwanasheria, wakatoa kitabu walichokiandika pamoja kuhusu kesi ya ardhi ya Wameru.