Mahali Kipa Anapoiva

Kabla ya mpira wowote kupigwa, mwalimu wa makipa anachora mstari. Anaanzia katikati ya goli, anaburuza kisigino hadi alama ya penalti, mita 11, kisha anarudi kuukagua kama umenyooka. Uwanja wenyewe upo Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza, upande wa barabara inayokwenda Shinyanga. Ardhi yake ni changarawe iliyomeguka kutoka kwenye mawe makubwa ya huku kwetu, hivyo mstari unashika vizuri. Mpira ukisogezwa kulia, kijana aliyevaa glovu naye anasogea hatua mbili fupi, anagusa nguzo kwa ncha za vidole bila kuitazama, anatulia. Ukirudi katikati, anarudi juu ya mstari. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na hakuna mikono inayoweza kulifunika. Kipa hulifunika kwa kujua pa kusimama, na somo hilo hurudiwa kila asubuhi bila shuti hata moja.

Kisha mikono. Mwalimu anarusha mpira usawa wa kifua. Vidole gumba viwili vinakaribiana nyuma ya mpira, viwiko vimelegea kidogo ili vimeze nguvu. Mpira wa chini unataka kinyume chake: vidole vidogo ndivyo vinavyokaribiana, viganja vinatazama mbele, na goti moja linashuka nyuma ya mikono kuziba njia, kwa sababu kwenye changarawe mpira hudunda unavyotaka. Hapa sikio linafanya kazi kuliko jicho. Mpira uliodakwa sawasawa hutoa mlio mfupi, mzito. Uliopokelewa na viganja vitupu hulia kofi. Kila unapolia kofi, mwalimu anaurusha tena pale pale, kwa nguvu ile ile, bila neno.

Kuruka ndiko kunakopendwa na watazamaji, na ndiko kunakochukua muda mrefu zaidi. Kijana anaanza akiwa amepiga magoti, halafu amechuchumaa, halafu amesimama. Utaratibu haubadiliki. Mguu ulio karibu na mpira unapiga hatua ya mshazari kwenda mbele. Mkono wa chini unakwenda nyuma ya mpira, wa juu unaufunika. Mwili unatua kwa paja, nyonga, ubavu, bega. Kiwiko kikitangulia chini, mpira unatoka, na kwenye ardhi hii ngozi nayo inatoka. Nilimwona akirudia upande wa kushoto, ulio dhaifu kwake, hadi vumbi la jezi likalingana pande zote mbili.

Krosi ndizo zinazofichua mahali mazoezi yanapoishia. Mpira unainuka kutoka pembeni, kijana anasubiri, anasubiri tena, kisha anaita "Kipa!" na kupaa, goti moja mbele kujikinga, mikono ikiukuta mpira mahali pa juu kabisa. Vijana watatu wenye vizibao wanamsukuma wakati anapaa. Ni wenzake, wanamsukuma kwa heshima. Mwalimu hawezi kumletea hapa mshambuliaji wa miaka 32 aliyeshuka kutoka Ligi Kuu, anayejua kumkanyaga kipa wakati refa ametazama kwingine. Huyo anapatikana Championship.

Kijana anadakia timu ya ligi hiyo, ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu, ambayo wengi bado tunaiita Daraja la Kwanza. Msimu wa timu 16 una mechi 30, nusu yake ugenini, na timu mbili za juu hupanda moja kwa moja. Hapo kosa lina bei. Pamba Jiji ya Mwanza ilipopanda mwaka 2024, nyuma ya Ken Gold ya Mbeya, ilirudisha Ligi Kuu jina lililokuwa nje kwa zaidi ya miaka 20. Fikiria kuifuata krosi ya dakika ya 88 huku matumaini ya Mwanza yote yakiwa mgongoni.

Jambo hili la kuivia ligi ya chini, Wamarekani wamelijengea mfumo mzima katika besiboli. Wachezaji wao hupitishwa ligi ndogo, ngazi kwa ngazi, na ya mwisho kabla ya ligi kuu huitwa Triple-A. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyesifika kwa mikono yake ya ulinzi, alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Alipanda hadi Triple-A, katika timu ya Indianapolis, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu yao. Zamu yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira, akafika salama kituo cha kwanza. Zaidi ya miaka minane ya kungoja, huku akicheza.

Huku akicheza: hapo ndipo klabu zetu kubwa zinaponiudhi. Kijana wa miaka 19 husajiliwa, akawekwa kipa wa tatu, jezi yake ikabaki safi msimu mzima. Angetolewa kwa mkopo Championship, angerudi kipa.

Jumatatu, baada ya kufungwa ugenini kwa kona, mwalimu anapanga mawe manne mahali walipokuwa wachezaji.

"Ulisimama wapi?"

"Hapa, mwalimu."

"Na mpira ulipotoka mguuni mwake?"

Kijana anafikiri, anasogea nusu hatua kuelekea nguzo ya karibu. Aliondoka mapema. Asubuhi yote inatumika kuirudisha nusu hatua hiyo.

Mwisho wanafanya zoezi la kuanzisha mashambulizi. Tangu mwaka 2025 sheria inampa kipa sekunde nane za kushika mpira. Akizidisha, wapinzani wanapata kona. Mwalimu anahesabu kwa sauti. Sekunde ya tatu kijana anaurusha kwa beki wa kulia, ambaye tayari amefunikwa.

"Una tano nyingine, mdogo wangu. Zitumie."

Jumamosi wanasafiri tena. Mwalimu amemwomba kocha mkuu asimweke kijana benchi kwa sababu ya ile kona, na kocha amekubali adake mechi tano zijazo, matokeo yawe yoyote.