Bwana Msa na Vijito vya Rufiji

Mashindano ya uandishi wa hadithi yaliyofanywa na East African Literature Bureau mwaka 1957-58 yalimpa zawadi ya kwanza Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikapigwa chapa mwaka 1960. Kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, ni jamaa ya Sherlock Holmes, ni neno lililokwisha semwa hata likachakaa. Lenye faida zaidi ni kutazama kile ambacho Abdulla alikichukua kwa Holmes asikibadili: mpelelezi ni mtu wa kando. Si polisi, wala si ndugu wa marehemu. Maiti inakutwa penye mzimu, na jina lenyewe la kitabu lamvuta msomaji awaze mizimu. Bwana Msa hufika, hutazama, huuliza, na kwa akili tupu huyajua yale yasiyojulikana na wakazi wa mahali hapo.

Msingi huo wafaa Unguja ya mashamba na mji. Ukivushwa hadi delta ya Rufiji, mkabala wa Mafia, katika nchi ambayo sasa ni wilaya ya Kibiti, wapasuka.

Delta ina kisa chake cha kweli cha upelelezi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikarudi kujificha katika vijito vya Rufiji. Waingereza waliitafuta hata mwisho wa Oktoba. Walipoiona, maji yalikuwa machache, hawakuweza kuifuata. Wakamtuma mwindaji Pretorius akapime njia, wakaleta ndege, wakaleta Severn na Mersey, vyombo visivyohitaji kina kirefu. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa vibaya, Wajerumani wenyewe waliizamisha.

Wilbur Smith alikijengea kisa hiki riwaya, Shout at the Devil (1968), na mashujaa wake ni wageni watupu. Hapo ndipo lizukapo swali la mhakiki: je, meli ile ilimpotea nani? Chombo cha mita 115 hakifichiki kwa mkata boriti, wala kwa mvuvi, wala kwa mlima mpunga ambaye hupita kijito kile kila maji yajaapo. Fumbo lilikuwa la Waingereza peke yao. Katika delta aliye kando ndiye asiyejua, na rubani wa ngalawa, ambaye katika riwaya hizi huajiriwa apige kafi, ndiye aliyekuwa na jawabu tangu ukurasa wa kwanza.

Waandishi wa vijana wamekaribia zaidi. Tuzo ya Burt, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2008, ilimtunuku Nahida Esmail. Naye katika Detectives of Shangani amewapa watoto kazi ya Bwana Msa, hapo hapo mjini Zanzibar. Hiyo ni hatua njema, maana mtoto hachukuliwi na watu kuwa mpelelezi, na husikia mengi. Lakini tuzo ile ilitaka Kiingereza. Mtoto wa Nyamisati, ambaye bamvua na maji mafu ameyajua kabla ya kujua kusoma, akutana na hadithi ya upelelezi kwa lugha ya darasani, na ujuzi wake haumfai kitu humo.

Wala haitoshi kumwandikia kwa Kiswahili na kuiacha kanuni ya Holmes kama ilivyo. Bwana Msa huuliza, naye hujibiwa. Heshima ya jina lake humfungulia milango. Miaka 10 kabla ya Königsberg, kusini ya mto huo huo, huko Ngarambe, watu walikusanyika kwa Kinjikitile kuchukua maji, na vita vya Maji Maji vikafuata. Waliosalia yamkini walijua gharama ya kumjibu mgeni. Mwandishi atakayeipeleka hadithi ya upelelezi Salale au Mbwera atapambana na watu ambao wote wanajua, na itampasa asimulie jinsi kila mmoja alivyopima kama atasema, na kwa nani.