Hati ya Razaba ilining'inia kwenye nini?

Ukipita Kerege kwa barabara ya Bagamoyo, mabango ya viwanja huyamalizi kuyasoma. Dalali ana karatasi ya mauziano yenye mhuri, na mteja akiwa mgeni hukosi kusikia: "Usijali bosi, tutaandika jina la Mtanzania." Kampuni nyingi za nje huanzia hapo, mkiani, kabla hata ya kufika BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Kisha huyo mwenye jina akifariki, warithi wanakuja na lao.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 20, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kampuni iliyosajiliwa hapa lakini yenye wanahisa wengi wageni nayo inahesabiwa mgeni, hata ikijiita kwa Kiswahili fasaha. Njia ya kawaida ni hati isiyo asili: ardhi inashikwa na mamlaka ya uwekezaji TISEZA (zamani Kituo cha Uwekezaji, TIC, kilichounganishwa 2025 na EPZA, mamlaka ya kanda za kuuza nje), mwekezaji anapewa haki inayotokana na hiyo. Haki ikikoma, ardhi inarudi kwa mamlaka. Na kama shamba ni ardhi ya kijiji, Rais ndiye anayeihawilisha kwanza kuwa ardhi ya jumla. Mhuri wa mwenyekiti wa kijiji hauwezi kazi hiyo.

Ila hati safi nayo si mwisho wa habari. Kaskazini zaidi, karibu na mto Wami na hifadhi ya Saadani, kuna Razaba, iliyokuwa ranchi ya Zanzibar. Waswidi wa Bagamoyo EcoEnergy walitaka kulima miwa hapo. Mwaka 2013 walipata hati ya zaidi ya hekta 20,000 na mradi ukapigiwa debe kweli kweli. Mwaka 2016 Serikali iliukataa, ikataja maji ya Wami na hifadhi. Hati ikafutwa.

Wengi husimulia mpaka hapo. Mimi nawaomba wanasheria wasome majina ya walalamikaji katika shauri Na. ARB/17/33 lililofunguliwa ICSID, kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, Washington, mwaka 2017. Bagamoyo EcoEnergy haimo. Waliodai ni EcoDevelopment in Europe AB na EcoEnergy Africa AB, kampuni za Uswidi zilizosimama nyuma yake. Hazikudai chini ya Sheria ya Ardhi. Zilidai chini ya mkataba wa kulinda uwekezaji ambao Tanzania na Uswidi zilitia saini mwaka 1999. Kwa hiyo hati iliweza kufutwa Dodoma, lakini ahadi iliyokuwa juu yake haikuwa ya Dodoma peke yake. Aprili 2022 baraza la usuluhishi likazipa kampuni hizo tuzo ya takriban dola milioni 165, na mwaka huohuo ndege ya Air Tanzania ikazuiwa Uholanzi kwa ajili ya deni hilo.

Kwa ufundi wa sheria, hiyo ndiyo kazi iliyofanywa vizuri: kujua mapema kampuni mama ikae nchi gani. Lakini ngao hiyo nayo huisha muda. Mkataba wa namna hiyo kati yetu na Uholanzi, Tanzania iliusitisha, ukakoma 2019. Anayekuja leo aulize hali ya mkataba wa nchi yake kabla ya kuuliza bei ya eka Kerege.

Waswidi walishinda kesi, shamba hawakulipata. Miwa iliyoko Razaba sasa ni ya Bagamoyo Sugar, kampuni ya Bakhresa.