Sheila Sherlock na ini lisilosema

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, limejificha chini ya mbavu za kulia, na huumia kimya kimya. Mgonjwa anapofika hospitali macho yamegeuka manjano au tumbo limejaa maji, mara nyingi uharibifu umeshakwenda mbali. Sheila Sherlock alipoanza kazi katika Hospitali ya Hammersmith, London, mwaka 1942, mengi yaliyojulikana kuhusu ini yalitokana na maiti, na ini la maiti huoza upesi. Alikuwa na miaka 24, ametoka Chuo Kikuu cha Edinburgh akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Pamoja na mkuu wake, John McMichael, aliishika mbinu iliyokuwa imetangazwa na madaktari wa Denmark miaka michache kabla: kutoa kipande cha ini kwa sindano, mgonjwa akiwa macho. Kazi yenyewe inastahili kutazamwa polepole. Kwanza damu hupimwa kama inaganda vizuri. Mgonjwa hulala chali ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia chini ya kichwa. Daktari hugongagonga ubavu kwa kidole, akitafuta pale sauti ya pafu lenye hewa inapokwisha na sauti nzito ya ini inapoanza. Ganzi ikishakolea, mgonjwa huambiwa atoe pumzi yote na asivute nyingine. Hapo ini hutulia. Sindano huingia kati ya mbavu mbili na kutoka. Kwa sindano ya Mwitaliano Giorgio Menghini, iliyokuja mwaka 1958, tendo lote ndani ya ini huchukua sekunde moja hivi. Kinachopatikana ni kijinyama chembamba cha sentimita chache, nacho ndicho kinachopelekwa kwenye hadubini. Mkono mwepesi hautoshi. Ustadi mkubwa ni kujua mgonjwa yupi hafai kuchomwa.

Mwaka 1943 vijinyama hivyo vilionyesha jambo zito. Wagonjwa waliopata manjano kwa maambukizi ya kawaida, na wale walioyapata wakati wa kutibiwa kaswende kwa dawa ya aseniki, walikuwa na majeraha ya aina moja kwenye ini. Lawama nyingi zilikuwa zimeangukia aseniki. Baadaye ilieleweka kwamba homa ya ini ilikuwa ikisambazwa na sindano zilizotumiwa mtu hadi mtu bila kuchemshwa vizuri.

Hata hivyo, mimi huvutiwa zaidi na karatasi walizochora wagonjwa wake kuliko sindano yake. Damu itokayo matumboni hupitia kwenye ini ili isafishwe. Ini likijaa makovu, damu hutafuta njia za pembeni, ikalikwepa ini na kufika ubongoni ikiwa na amonia na sumu nyingine zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo mpana. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, hubadilika tabia, mwishowe hupoteza fahamu. Sherlock na wenzake waliieleza hali hii kwa kina mwaka 1954. Wodini mgonjwa alinyoosha mikono mbele na kukunja viganja juu. Vikianza kupepea bila hiari yake, hiyo ni dalili. Kisha alipewa penseli achore nyota ya ncha tano, au njiti za kiberiti apange umbo lake. Kesho yake alichora tena, na keshokutwa. Mtu aliyechora nyota nzima Jumatatu, Alhamisi mistari yake haikutani kabisa, ingawa bado anajibu salamu vizuri na jamaa zake wanasema hajambo. Karatasi ile inamtangulia kusema. Apewapo antibiotiki za kupunguza bakteria wa utumboni, ncha huanza kurudi mahali pake. (Zamani wagonjwa hao walinyimwa protini pia, lakini siku hizi jambo hilo huepukwa, maana misuli yao huisha.) Kipimo hiki chawezekana katika zahanati yoyote yenye penseli na mtu wa kukaa na mgonjwa.

Mwaka 1959 akawa mwanamke wa kwanza Uingereza kuwa profesa wa tiba, katika Hospitali ya Royal Free. Mwaka 1965 yeye na wenzake, akiwemo Deborah Doniach, walitangaza kwamba damu ya wagonjwa wenye kuharibika polepole kwa mirija midogo ya nyongo ina kingamwili dhidi ya mitokondria. Kabla ya hapo wengi wao walipasuliwa tumbo kutafuta kizuizi ambacho hakikuwepo. Sasa kipimo cha damu kiliweza kuwaepusha na kisu.

Kisha lilikuja swali la dawa. Kwa homa ya ini sugu inayotokana na mwili kujishambulia, prednisoloni ilionekana kusaidia, lakini kuonekana hakukumtosha. Wagonjwa 49 waligawanywa: 22 wakapewa dawa, 27 hawakupewa, na kwa miaka kadhaa wote wakafuatiliwa kwa uangalifu uleule. Ilihitaji moyo mgumu kutoikimbilia dawa ambayo bado hakuna aliyekuwa na hakika nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971: kati ya waliopata dawa walikuwa wamekufa 3, kati ya wasioipata 15. Hadi leo mgonjwa wa aina hiyo huanzishiwa dawa za jamii hiyo.